Uholanzi: Nchi Iliyofumba Jicho Moja

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ama baada ya kumshukuru Allah (S.W.T.) na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ndugu zetu wazazi na wanafunzi, leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya jambo tulilorudi nalo safarini.

Mwaka 2024 tulialikwa Uholanzi kwenye nikahi ya jamaa yetu. Tulitoka Bujumbura kwa ndege hadi Brussels, tukapanda treni hadi Amsterdam, na huko tukapokewa na mpwa wetu anayesoma chuo. Ni kijana mwema, alihitimisha Qur'ani hapa kwetu Buyenzi, na swala haimpiti. Siku ya tatu alituuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu papo hapo. Alisema: "Mjomba, hapa bangi ni ruhusa, na wanawake wa dirishani ni ruhusa, lakini mji umetulia na watu wanafanya kazi zao. Kwetu vyote ni marufuku na vyote vipo. Sasa ubaya uko wapi?"

Swali hilo si lake peke yake. Tumelisikia kwa vijana wengi wanaosoma Ulaya, na hata kwa watu wazima wanaokuja likizo na kutwambia kuwa Waholanzi wamekwisha pata jibu, sisi ndio tumebaki nyuma. Wengine husema, kwa kujiamini kabisa, kwamba kinachoruhusiwa na serikali hakiwezi kuwa kibaya. Makala hii ni jibu letu kwa mpwa wetu na kwao wote.

TULIYOYAONA

Tuliswali Alasiri katika msikiti wa Fatih, barabara ya Rozengracht, jengo ambalo hapo awali lilikuwa kanisa. Kutoka pale, kwa mwendo wa miguu ambao haufiki nusu saa, unafika mtaa unaoitwa De Wallen. Tulimwomba mpwa wetu atupitishe, kwani hatukutaka kuja kuandika habari ya kusikia. Katikati ya mtaa huo limesimama Oude Kerk, maana yake Kanisa Kongwe, jengo lenye umri wa zaidi ya miaka 700 na la zamani kuliko yote mjini. Na hatua chache kutoka kuta zake kuna vioo vyenye taa nyekundu, na nyuma ya vioo wamekaa wanawake.

Ndugu zetu, tulikuwa tumesimuliwa kuwa pale ni mahali pa raha. Tulichokiona hakikuwa raha. Tuliona makundi ya vijana watalii, wamelewa mchana, wanatembea na kunyoosha vidole kama watu walio kwenye bustani ya wanyama. Kabla hatujainamisha macho tulimwona mwanamke mmoja amekaa anakula chakula chake kwenye bakuli. Kijana akamgongea kioo, wenzake wakacheka. Yule mama akageuza kiti chake akatupa mgongo, akaendelea kula. Hakuna mzazi miongoni mwetu ambaye angependa kumwona binti yake katika kiti kile, hata akionyeshwa leseni kumi.

Kona ya pili kulikuwa na duka limeandikwa kuwa ni la kahawa, nasi tulikuwa tunatamani kahawa. Mpwa wetu akatushika mkono wa kanzu. Maduka yale huitwa kofishopu, na kinachouzwa humo ni bangi.

JE, NI RUHUSA KWELI?

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na mpwa wetu naye alikosea. Bangi Uholanzi haikuhalalishwa. Sheria yao ya dawa za kulevya ilirekebishwa mwaka 1976, ikatenga dawa kali kama heroini upande mmoja, na bangi na hashishi upande wa pili. Lakini kuuza bangi kulibaki kosa katika kitabu cha sheria mpaka leo. Kilichofanyika ni kwamba waendesha mashtaka waliamua kutomshitaki mwenye duka maadamu anafuata masharti: asimuuzie mtu mmoja zaidi ya gramu 5 kwa siku, asiweke dukani zaidi ya gramu 500, asimuuzie aliye chini ya miaka 18, asiuze pombe wala dawa kali, asijitangaze, na asiwaletee majirani kero.

Waholanzi wana neno lao kwa mwenendo huu, nalo ni gedogen. Kiswahili chetu kina maneno yanayolingana nalo sawasawa: kufumbia macho. Yaani najua unafanya, najua ni kosa, lakini sitazami. Basi anayesema "wenyewe wamesema ni halali" awaachie Waholanzi maneno yao. Hawakusema hivyo. Wao walifumba jicho moja, na jicho la pili likabaki wazi linahesabu kodi ya mapato.

MLANGO WA MBELE NA MLANGO WA NYUMA

Sasa tujiulize swali ambalo hata mtoto wa darasa la kwanza la madrasa angeuliza. Ikiwa mwenye duka anaachiwa kuuza, hiyo bangi anaipata wapi? Kulima kwa ajili ya kuuza ni kosa. Kumletea mwenye duka mzigo ni kosa. Kwa hiyo mteja anaingia mlango wa mbele akiwa raia mwema, na mzigo unaingia mlango wa nyuma ukiletwa na wahalifu. Waholanzi wenyewe huliita jambo hili tatizo la mlango wa nyuma, na wamelijua kwa miongo mingi.

Na ni nani yuko mlango wa nyuma? Aghalabu ni mtu masikini mwenye deni, aliyeambiwa na genge kwamba akiruhusu mimea ioteshwe kwenye dari ya nyumba yake atalipwa vizuri. Umeme huibwa, nyaya hushika moto, polisi wakaja wakavunja mlango. Maelfu ya mashamba ya namna hiyo yamevunjwa. Aliyevuta hakuguswa, aliyeuza hakuguswa, na aliyeotesha akakosa makazi. Huo ndio uadilifu tunaoambiwa tuuige?

Tusidhani wenyewe hawakuliona hilo. Desemba 2023 walianza majaribio Breda na Tilburg, ambako wakulima wenye leseni wanapeleka bangi madukani kisheria, na mwaka 2025 miji 10 ikaingia katika majaribio hayo kikamilifu. Amsterdam haimo. Yaani baada ya karibu miaka 50 nchi ile bado inajaribu kujibu swali la mtoto: inatoka wapi?

DIRISHA NA ALIYEMO NDANI

Habari ya madanguro ni tofauti kidogo. Sheria ya mwaka 1911 iliyapiga marufuku, na Oktoba 1, 2000 marufuku ile ikaondolewa. Hoja yao ilikuwa hii: tukiitoa biashara hii gizani, tukaipa leseni, polisi wakaikagua na kodi ikalipwa, basi mwanamke aliyelazimishwa ataonekana na atasaidiwa, na aliyechagua mwenyewe atapata haki zake kama mfanyakazi mwingine. Hoja ile ilitolewa na watu waliotaka kheri, hatuwatukani.

Lakini iliishia wapi? Mwaka 2008 mahakama iliwatia hatiani wanaume wa genge moja, katika kesi inayojulikana kwa jina la Sneep. Walikuwa wakiwapiga wanawake, wakiwalazimisha kufanya kazi na kuwanyang'anya fedha zao. Na wanawake wale hawakufichwa porini. Walikuwa kwenye madirisha yenye leseni, katika mitaa ambayo askari hupita kila siku. Mwaka 2013 mji wa Utrecht ukafunga maboti yake ya biashara hiyo pale Zandpad, kwa kushuku kuwa wanawake walikuwa wakiuzwa kama bidhaa. Amsterdam nayo ilianza mwaka 2007 kupunguza madirisha, mwaka 2013 ikapandisha umri wa chini kutoka miaka 18 hadi 21, mwaka 2020 ikakataza misafara ya watalii kupita mbele ya vioo, na mwaka 2023 ikakataza kuvuta bangi katika barabara za mtaa ule na kupunguza saa za usiku za madirisha.

Basi tunamuuliza anayetaka kuiga: unaiga nini? Unaiga nguo ambayo mwenyewe anaivua. Huyo uliyemfanya mwalimu anajisahihisha mbele yako, nawe bado unanakili ukurasa wa kwanza.

Leseni haioni woga wa mtu. Mkaguzi anasoma umri kwenye pasipoti, hasomi nani anamsubiri yule dada nje saa tisa usiku kuchukua fedha zake. Bibi Aisha (R.A.) amesimulia kwamba zama za ujahili wanawake wa biashara hiyo walikuwa wakiweka bendera milangoni ili wajulikane. Na katika Suratun Nur Allah (S.W.T.) amekemea kuwalazimisha wasichana kwa ajili ya pato la dunia. Bendera imekuwa taa nyekundu, lakini mwenye kula jasho la yule msichana ni yule yule.

TUSIDHULUMU KATIKA HOJA

Mwalimu akificha nusu ya habari, mwanafunzi akija kuipata kwingine hatamwamini tena. Kwa hiyo tunakiri. Kwa kuitenga bangi na heroini, Waholanzi walikusudia kijana anayenunua bangi asikutane na muuza heroini, na hilo lilikuwa na faida. Matumizi ya bangi kwao hayakufikia ya Ufaransa, nchi ambayo sheria yake ni kali zaidi. Mtumiaji aliyeumia huogopa polisi kidogo, hivyo huenda kwa daktari mapema. Haya ni kweli.

Lakini sisi Waislamu hatukufundishwa kuwa haramu haina faida hata chembe. Suratul Baqara inatwambia waziwazi kuwa katika ulevi na kamari mna manufaa kwa watu, ila madhara yake ni makubwa kuliko manufaa. Kwa hiyo anayetuletea orodha ya faida hajatuletea jambo jipya. Swali ni nani anapata faida na nani anabeba madhara. Pale De Wallen faida ni ya mwenye nyumba na ya mtalii, na madhara ni ya yule aliyegeuza kiti.

NA SISI JE?

Mpwa wetu alisema neno moja ambalo limetuuma kuliko yote: kwetu vyote ni marufuku na vyote vipo. Hakusema uongo. Nani hajui nyumba ya wageni inayokodishwa kwa saa? Na baadhi yake mwenye nyumba ni mtu wa safu ya kwanza msikitini. Nani hajui kijana anayenuka bangi, mama yake anamfulia shati na kumwambia baba kuwa ni moshi wa jikoni? Na sisi walimu tumenyamaza mara ngapi kwa kuwa baba wa mtoto ndiye mchangiaji wa madrasa?

Hiyo nayo ni gedogen, ndugu zetu, tena isiyo na masharti. Mholanzi amefumba jicho lakini ameandika gramu 5 na miaka 18. Sisi tumefumba yote mawili na hatukuandika kitu. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Kwa hiyo tunawaomba wazazi mambo matatu. Kwanza, kabla mtoto hajapanda ndege, zungumzeni naye kwa majina ya vitu vyenyewe, bangi iitwe bangi na zinaa iitwe zinaa, maana anayoyaonea aibu mzazi, mwenzake wa bwenini hatayaonea aibu. Pili, akipiga simu akauliza swali gumu, msimkaripie. Aliyeuliza bado yuko nasi. Tatu, akianguka, asikose mlango wa kurudia. Tunakataza kitendo, hatumfukuzi mtu, na toba haijafungwa.

Na kwenu wanafunzi: sheria ya nchi inakwambia polisi atakufanya nini, haikwambii kitu kinakufanya nini wewe. Kila kileo ni haramu kwetu, kiwe cha kunywa au cha kuvuta, na zinaa tumekatazwa hata kuikaribia. Hukumu hiyo haikuishia uwanja wa ndege.

Siku ya kuondoka, tukiwa kituo cha treni, tulimjibu mpwa wetu hivi: "Uliuliza ubaya uko wapi. Uko kwa yule asiyetazamwa. Wao hawamtazami wa mlango wa nyuma, sisi hatumtazami wa nyumba ya jirani." Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi mjomba, ukifika nyumbani yaseme na huko."

Tumekwisha yasema.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.