Makubaliano ya Darasani na Funzo la Hudaybiya

Muhula wa madrasa unapoanza, mtoto hukuta ukutani orodha ya makatazo: usichelewe, usipige kelele, usitoke bila ruhusa. Orodha hiyo huitwa "makubaliano ya darasa", ilhali mtoto hakuulizwa neno hata moja. Sisi tunaosimamia madrasa kupitia kamati ya msikiti tunaona hatari hapo. Mtoto aliyezoeshwa kuiita amri makubaliano hukua akidhani kuwa ahadi ni jambo la kuandikiwa na mwenye nguvu, nalo huvunjwa mwenye nguvu anapogeuza kisogo.

Surat al-Maida hufunguliwa kwa kuwaamrisha walioamini watimize mikataba. Basi mtoto na afundishwe mkataba ni nini, na Hudaybiya ndiyo shule yake.

Mwaka wa 6 Hijria, sawa na 628 Miladia, Mtume (s.a.w.) alitoka Madina na masahaba wapatao 1,400 kwa nia ya Umra. Maquraishi wakawazuia, kisha wakamtuma Suhayl bin Amr kufanya suluhu. Suhayl alikataa mkataba usifunguliwe kwa Bismillahi kamili, akakataa pia cheo cha Utume kisiandikwe, Mtume (s.a.w.) akayaridhia yote mawili. Wakakubaliana vita visimame miaka 10, na Waislamu warudi mwaka ule, waje mwaka unaofuata kwa siku tatu. Likawapo na sharti zito: Mquraishi atakayekimbilia kwa Waislamu bila idhini ya walii wake arudishwe.

Uandishi haujakamilika, akatokea Abu Jandal, mwana wa Suhayl mwenyewe, Mwislamu aliyefungwa minyororo. Akarudishwa. Hapa mwalimu asipite haraka. Awaache wanafunzi waone uchungu wa jambo hilo, kwani ahadi hupimwa siku ile inapouma.

Yapo mengine mawili ya kuzingatia. Sayyidna Umar (r.a.) aliuliza maswali makali juu ya masharti yale, naye akajibiwa, hakufukuzwa. Na masahaba walipolemewa na huzuni wasiinuke kuchinja na kunyoa, Bibi Umm Salama (r.a.) alimshauri Mtume (s.a.w.) atoke aanze yeye bila kumsemesha mtu. Alipoanza, wote wakamfuata.

Kinyume cha hayo kipo katika historia ya nchi yetu. Mwishoni mwa mwaka 1884, Carl Peters alipita Usagara na maeneo ya jirani akiwatia watawala saini kwenye karatasi za Kijerumani wasizoweza kuzisoma. Februari 1885 serikali ya Ujerumani ikazifanya karatasi hizo hoja ya kuitwaa ardhi. Mwanafunzi akiiweka mifano hii miwili pamoja, ataona mwenyewe kwamba alama ya kidole bila ufahamu si ridhaa.

Sasa turudi darasani. Kikao cha kwanza cha muhula, ustadhi awaulize wanafunzi: ni nini kitakachotusaidia sote kusoma vizuri? Majibu yaandikwe kwa maneno yao, yapunguzwe yawe matano au sita, kisha yasomwe kwa sauti mpaka mdogo kuliko wote aelewe. Asiyekubali aulize, na ajibiwe kwa upole. Papo hapo wapatane pia mvunjaji atafanya nini kurekebisha, ili adhabu isitungwe kwa hasira.

Muhimu zaidi, kiwepo kifungu kinachomfunga ustadhi: kufika kwa wakati, kutomtusi mwanafunzi, kumsikiliza kabla ya kumhukumu. Akichelewa, awe wa kwanza kuomba radhi mbele ya darasa. Wapo wanaohofu kuwa heshima itapungua. Sisi tunasema heshima ya mwalimu hukaa pale neno lake na tendo lake vinapokutana.

Wazazi wenzetu, nakala ya makubaliano hayo ifike nyumbani, na nyumbani nako yawepo ya kwenu: saa ya kuzima simu, zamu ya kuosha vyombo, wakati wa kudurusu. Baba akiahidi kusikiliza hifdhi baada ya Maghribi, asikilize, hata kama wageni wako barazani. Watoto hawa ndio watakaoandikiana kesho mikataba ya ndoa, ya biashara na ya mirathi; uaminifu wao huko unajengwa katika ahadi hizi ndogo za leo.

Wabillahi tawfiq.