Komredi, dakika nne hazikushindi

Likizo ndefu ikifika, Ntimaru hujaa makomredi kutoka Rongo, Maseno na Nairobi. Wengi wataita boda kwa mwendo ambao nyanya zao huenda kwa miguu na debe la mahindi kichwani. Ukiwauliza kuhusu mazoezi, jibu ni moja: hakuna muda, na jimu ni pesa.

Hebu tuanze na muda. Mwaka wa 1996, mtafiti Mjapani Izumi Tabata na wenzake walichapisha matokeo ya vijana waliokuwa wakisomea michezo chuoni. Kundi moja lilikuwa likipiga baiskeli ya mazoezi saa nzima, mwendo wa wastani. Lingine lilijitoa kabisa kwa sekunde 20, likapumzika 10, raundi saba au nane. Baada ya wiki 6 wote walikuwa na pumzi zaidi, lakini ni hili la pili tu lililoongeza pia nguvu za kuchomoka kwa kasi. Dakika 4, buda! Kupanga mkeka wa kubeti hukuchukua zaidi ya hizo.

Na jimu? Huhitaji. Kuchuchumaa na kuinuka, pushapu, kuruka kamba, kukimbia papo hapo magoti yakiwa juu: nafasi iliyo kando ya kitanda cha hosteli inatosha. Ndiyo maana naona hii ni habari kubwa zaidi kwa wasichana. Mvulana anaweza kukimbia barabarani saa kumi na moja alfajiri. Dadake anajua giza lina watu wake. Kumwambia "toka ukimbie" ni kumcheka tu.

Lakini zile video zinazouza dakika 4 kama muujiza, wachana nazo. Vijana wa Tabata walikuwa wamezoea michezo. Wewe uliyekaa semesta nzima, pasha mwili joto kwanza, fanya raundi mbili tatu, kesho upumzike. Kifua kikibana au ukiona kizunguzungu, acha, uende kliniki. Mwenye pumu au shida ya moyo amwone daktari kabla. Na kutembea kubaki palepale: Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 za makali.

Nanyi wakuu wa vyuo, msijifiche nyuma ya pushapu za chumbani. Wekeni taa uwanjani na mlinzi langoni, pawe wazi hadi saa tatu usiku, tuone kama hao wasichana hawatakuja.