Kifaranga wa kanga wa siku moja si mzigo wa kupandisha basi

Leo sijaja na mbinu ya kupiga picha wala ya kuandika tangazo. Nimekuja na jambo linalonikera, na nianze kwa kukiri kwamba na mimi nililifanya: kuuza vifaranga wa kanga wa siku moja kwa mtu wa mbali, kuwafunga kwenye boksi, kuwapandisha basi, halafu kuhesabu kwamba kazi imeisha.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili asiyekubaliana nami ajue tunabishania nini. Sisi wauzaji wadogo wa mtandaoni tuache kumuuzia mgeni kifaranga wa kanga kabla hajafikisha wiki sita. Hata akiomba. Hata akituma hela kwanza.

Nina banda langu Morogoro. Nilianza na kanga wachache, mayai nikaatamisha kwa kuku wa kienyeji, baadaye nikanunua mashine ndogo ya kutotolesha. Yai la kanga linachukua siku 26 hadi 28, tofauti na la kuku ambalo ni siku 21. Walipototolewa wale wa kwanza, nikawapiga picha. Nani asiyempenda kifaranga wa kanga? Ana mistari mgongoni, miguu myekundu, anakimbia kama ameitwa. Posti ile ilivuma, oda zikaja kabla hata sijapanga bei. Nikaweka shilingi 6,000 kwa kifaranga.

Mmoja wa wateja wale alikuwa mama wa Dodoma. Alichukua 20, akatuma 120,000 kwa simu bila hata kuomba punguzo. Nikawaweka kwenye boksi, nikatoboa matundu, nikawapeleka stendi ya Msamvu jioni. Ulikuwa mwezi wa saba. Anayeijua Dodoma mwezi wa saba anajua baridi yake ya usiku.

Walifika 14 wakiwa hai. Siku ya nne wakabaki watatu. Alinitumia picha, na ujumbe mmoja tu: "Kaka, wanaendelea kufa, nifanyeje?"

Nilimjibu nini? Nikamwandikia hivi: "Dada, mimi niliwapakia wazima. Mzigo ukishapanda basi ni wa mteja." Sentensi hiyo nimeiona kwenye kurasa nyingi za wauzaji, na nilidhani ni utaratibu wa biashara. Akajibu: "Sawa kaka. Ile hela ilikuwa ya mchezo, zamu yangu ilikuwa imefika." Basi. Hakunitukana, hakunianika mtandaoni. Angenitukana ningejitetea. Kwa sababu hakunitukana, nilikaa na ile picha siku nzima.

Sasa tuseme ukweli wa kitaalamu, maana hapa ndipo tunapojidanganya. Tunasema "mbona makampuni yanasafirisha vifaranga wa kuku wa siku moja nchi nzima?" Ni kweli, na kifaranga yeyote anatoka na kiini cha yai tumboni kinachomlisha siku mbili za mwanzo hivi. Njaa ya safari si tatizo kubwa. Tatizo ni baridi na unyevu. Kampuni inajaza vifaranga wengi kwenye boksi maalumu, wanapashana joto, na mzigo mara nyingi una mtu anayeujua. Wewe unaweka 20 kwenye boksi la biskuti, kondakta analisukuma chini karibu na ndoo ya samaki, na dirisha liko wazi. Kifaranga wa kanga wiki ya kwanza anahitaji joto la karibu nyuzi 35, halafu unapunguza nyuzi tatu hivi kila wiki hadi manyoya yaote vizuri. Akilowa tu, umempoteza.

Na hata akifika salama, anaingia mikononi mwa mtu ambaye hujamwelekeza. Yule mama aliwaweka kwenye boksi lenye magazeti, na maji akawawekea kwenye bakuli. Makosa mawili hayo, na yote yalikuwa yangu, kwa sababu mimi ndiye niliyejua. Gazeti linateleza, miguu ya kifaranga inapanuka kama mtu aliyeanguka kwenye matope, na inaweza isinyooke tena. Weka maranda ya mbao, na siku za mwanzo tandika kitambaa kikavu kisichoteleza. Bakuli la maji ni kisima kwa kifaranga wa kanga. Anaingia, analowa, anakufa kwa baridi au anazama kabisa. Weka kokoto kwenye chombo cha maji ili apate kudonoa tu, asipate kuingia.

Chakula nacho. Kanga mdogo anahitaji protini nyingi kuliko kifaranga wa kuku, karibu asilimia 24. Chakula cha kawaida cha vifaranga wa kuku peke yake hakimtoshi, ongeza dagaa waliosagwa vizuri au funza. Na kama unatumia jiko la mkaa kuwapa joto, acha tundu la hewa juu, maana hewa ya mkaa kwenye chumba kilichofungwa inaua vifaranga na inaweza kukuua na wewe. Haya yote nilikuwa nayajua. Kwenye tangazo langu niliandika nini? "Kanga hawasumbui, hawaugui ovyo, ni ndege wa porini." Huyo ni kanga mkubwa! Kanga mkubwa ni mgumu kweli. Kifaranga wake ni kama mshumaa kwenye upepo.

Najua utaniambia: wewe umeshapata mtaji ndiyo maana unaongea. Mimi nahitaji hela leo, siwezi kulisha wiki sita. Hoja hiyo naiheshimu, kwa hiyo tupige hesabu kwa namba za banda langu mwenyewe.

Vifaranga 50 wa siku moja kwa 6,000 ni 300,000, mkononi leo. Vifaranga 50 hao hao nikiwalea wiki sita, katika awamu yangu ya mwisho walikufa 8, wakabaki 42. Nikauza 14,000 kila mmoja, ikawa 588,000. Chakula kilikula 90,000, mkaa na umeme 35,000, chanjo na vitamini 15,000. Toa 140,000, inabaki 448,000. Tofauti ni 148,000 kwa wiki sita, na kazi yako ya asubuhi na jioni imo humo humo, sitaki kukudanganya kwamba ni hela ya bure.

Lakini angalia wale 8 waliokufa. Walikufa kwangu. Ningewauza wote 50 wakiwa wa siku moja, vifo havingepotea. Vingehamia kwa wateja, na kwa kuwa wateja hawana joto wala uzoefu, visingekuwa 8. Kwa hiyo hiyo 300,000 ya haraka, sehemu yake ni hela ya ndege watakaokufa, na wewe unajua watakufa. Mimi sasa naiona kama kuuza maziwa ambayo unajua yataganda njiani.

Kama hela ya leo ni lazima, zipo njia. Uza mayai ya kula. Uza kifaranga wa siku moja kwa jirani anayekuja mwenyewe, ambaye umeliona banda lake na joto lake. Chukua oda mapema, mteja atangulize theluthi, ile theluthi inunue chakula. Mteja wa kweli anasubiri. Asiyesubiri wiki sita hatamlea kanga miezi sita mpaka aanze kutaga.

Faida nyingine ya kusubiri: kuanzia wiki ya sita hadi ya nane, kanga anaanza kujitambulisha kwa sauti. Jike anatoa sauti ya vipande viwili, dume anatoa ya kipande kimoja tu. Jike anaweza kuiga ile moja, ila dume hawezi ile ya viwili. Wa siku moja huwezi kumjua kwa macho. Kwa hiyo muuzaji anayekuandikia "jike 4 dume 1, siku moja" anakudanganya, au amejidanganya. Ngapi tumeuza "seti" za namna hiyo, mteja akaja kugundua ana madume matano yanayofukuzana uani?

Ugonjwa huu hauko kwa kanga peke yake. Wauza njiwa mnisamehe, lakini mnajua mnachofanya. Njiwa mkubwa aliyezoea kwako ukimuuza mtaa wa pili, mteja akimwachia siku ya tatu, anarudi kwako. Njiwa hana hatia, nyumbani kwake ni pale. Mwenye hatia ni anayempokea, akanyamaza, akampiga picha tena. Ukimuuza njiwa mkubwa, mwambie mnunuzi amfungie wiki kadhaa, na ikiwezekana asimwachie mpaka jozi ishike mayai kwenye banda jipya. Au uza makinda waliojitegemea tu, wa wiki tano hivi, ambao hawajaruka kuijua njia. Na jozi iwe jozi. Jozi ya njiwa inataga mayai mawili. Mteja akikwambia ameona mayai manne kwenye kiota kimoja na hayajaanguliwa, ujue umemuuzia majike mawili. Mbadilishie bila kelele.

Na kware? Wenzetu wa Kenya watakumbuka 2013 na 2014. Watu walikimbilia leseni za KWS, mashine za kutotolesha zikanunuliwa kwa mikopo, kwa sababu ilisemwa mayai ya kware yanatibu karibu kila ugonjwa. Kware anaanza kutaga akiwa na wiki sita au saba tu, kwa hiyo mayai yalijaa sokoni upesi kuliko walaji, na bei ikaanguka vibaya. Yai la kware ni chakula kizuri. Lingeuzwa kama chakula tangu mwanzo, huenda wengi wangebaki na biashara ndogo ya kudumu. Soko lililojengwa kwa maneno matamu halimsubiri aliyechelewa kuingia, na mara nyingi aliyechelewa ndiye aliyekopa.

Kwa hiyo mimi nimejiwekea masharti, na nayaandika kwenye kila tangazo. Kanga wangu wanatoka wakiwa na wiki sita na kuendelea, wamechanjwa kideri kwa tone la jicho, na mteja anaambiwa tarehe ya kurudia baada ya miezi mitatu. Nasafirisha asubuhi, sisafirishi usiku. Ndege aliyefika amekufa, mteja akinitumia video ya boksi likifunguliwa, namfidia. Na kanga wa kukamatwa porini simgusi, maana huyo ni mnyamapori na bila kibali ni kosa la jinai kwangu na kwa mnunuzi. Karatasi ya malezi nairekodi kwa sauti, dakika tatu, naituma WhatsApp kabla ndege hawajaondoka. Watu hawasomi sana, ila wanasikiliza.

Wateja wamepungua? Ndiyo. Nikiandika 14,000, kuna anayenijibu "mbona fulani anauza 6,000" na kutoweka. Mwanzoni iliniuma. Siku hizi baadhi yao wanarudi baada ya mwezi, na siwaulizi wale wa 6,000 waliishia wapi.

Yule mama wa Dodoma nilimtafuta baadaye. Niliona aibu wiki mbili nzima kabla sijaandika. Nikamtumia kanga wanane wa miezi miwili, nauli juu yangu. Walifika wote. Nikamwomba, kama ameridhika, aniandikie neno moja kwenye ukurasa wangu. Akanijibu: "Kaka, nashukuru sana, wanakula vizuri. Lakini kukusifia kwa watu bado. Ngoja nione watage."

Nimelikubali jibu hilo. Kanga hutaga zaidi msimu wa mvua, kwa hiyo nasubiri mvua kama yeye anavyosubiri.

Wewe unayeuza ndege au kitu chochote chenye uhai mtandaoni, mzigo ukifa njiani au siku ya nne, unaona ni wa nani? Andika hapo chini, hata kama utanipinga. Na kama una ujumbe wa mteja ambao hujaujibu mpaka leo, anza na huo.