Kijiko si Adui wa Mtoto Anayejilisha

Kijiko hakina nafasi katika mtindo wa kumwacha mtoto ajilishe: ndivyo wanavyoshikilia baadhi ya wafuasi wa Gill Rapley, Mwingereza aliyeutangaza mtindo huo katika kitabu alichokitoa na Tracey Murkett mwaka 2008. Hoja hiyo inachanganya chombo na mkono unaokishika. Kinachokataliwa ni mtu mzima kumsukumia mtoto chakula hali amekwisha geuza uso. Kijiko kilichochotewa uji mzito, kikakabidhiwa mtoto mwenyewe, hakivunji kanuni yoyote. Nusu itaishia kidevuni, na ni sawa tu.

Katika kata ya Ukata, na wilaya ya Mbinga kwa jumla, mkoani Ruvuma nchini Tanzania, marufuku hiyo ingekuwa hasara tupu. Mtoto huko huanzishiwa uji wa mahindi, na uji haushikiki kwa vidole. Ruvuma huvuna mahindi kwa wingi, lakini utafiti wa kitaifa wa 2022 uliukuta mkoa na udumavu uliozidi wastani wa nchi wa asilimia 30. Uji mweupe mtupu hujaza tumbo, haujengi mwili. Maharage yaliyopondwa na dagaa wa Ziwa Nyasa waliosagwa huongeza protini na madini ya chuma, navyo hufika kinywani kwa kijiko kifupi, laini, kisicho na kina. Mkono wa pili ushike kipande cha parachichi.

Masharti hayabadiliki: awe ametimiza miezi 6, akae wima, asiachwe peke yake, na karanga nzima asipewe.