Mnara Unasingiziwa

Ukiuliza kwa nini bando ni rahisi nchi moja na ghali nchi nyingine, jibu huwa tayari mdomoni: minara ina gharama, dizeli imepanda, nyaya za baharini ziko mbali. Imani hii huifanya bei ionekane kama mvua au ukame, jambo lisilo na mtu wa kuulizwa. Basi tuitazame Somalia, nchi iliyopitia miongo ya vita na isiyo na gridi ya taifa ya umeme. Katika ulinganisho wa dunia uliofanywa mwaka 2020 na Cable.co.uk ya Uingereza, ilikuwa miongoni mwa nchi kumi zenye data nafuu zaidi, wastani wa senti 50 za dola kwa GB moja. Wakati huo Afrika Kusini, yenye miundombinu ya kuonewa wivu, wateja wa Vodacom walikuwa wakilipa randi 149 kwa GB moja ya siku 30 hadi Machi 2020. Mwezi uliofuata ikawa randi 99. Minara haikubadilika kwa usiku mmoja. Kilichobadilika ni kwamba Desemba 2019 Tume ya Ushindani ya nchi hiyo ilitamka kuwa bei zimezidi, na kuwa mnunuzi wa vifurushi vidogo, ambaye kwa kawaida ndiye maskini, hutozwa zaidi kwa kila MB. Somalia nako kampuni zinagombania wateja, na mkono wa kodi ni mwepesi.

Wapo watakaosema kwamba kodi na vijiji vya mbali ni gharama za kweli. Ni kweli, na ushuru wa asilimia 12 ambao Uganda iliuweka kwenye data Julai 2021 humfikia mteja. Lakini kodi ni uamuzi wa watu, si umbali. Tena, ndani ya nchi moja kodi ni ileile, na bado bei ya MB ya kifurushi kidogo mara nyingi huizidi ile ya kifurushi kikubwa. Kifurushi cha kawaida nacho huuzwa sawa Dar es Salaam na Kigoma. Kama umbali ndio ungekuwa mpangaji wa bei, Kigoma wangelipa zaidi.

Utetezi mwingine ni wa kutoza data ya ruta bei tofauti na ya simu: ruta hula data nyingi kuliko simu, kwa hiyo inastahili bei yake. Hoja hiyo ina uzito kwa kifurushi kisicho na kikomo. Kwa kifurushi kilichopimwa haina, kwa kuwa GB 10 ni GB 10 popote zinapotumika. Tofauti ni kwamba mwenye simu mara nyingi huacha salio likaisha muda, na kampuni ilishalihesabu salio hilo ilipopanga bei, ilhali mwenye ruta humaliza alichonunua.

Kwa hiyo tusisubiri teknolojia itushushie bei. Tuwadai wasimamizi wa mawasiliano na wa ushindani mambo matatu: bei ya kila MB iandikwe wazi kwenye kila kifurushi, data iliyolipiwa itumike kwenye kifaa chochote, na salio lisifutwe.