Jukiboksi bovu la Shimanzi: tununue au tuliache?

Wiki tatu zilizopita mpwa wangu alikuja nyumbani baada ya sala ya Alasiri, akakataa chai, nikajua ana neno. Akatoa simu akanionyesha picha ya kabati kubwa lenye kioo na mapambo ya kung'aa, limeegemezwa ukutani katika bohari moja ya Shimanzi, vumbi limelifunika.

"Mjomba, hili ni jukiboksi la Marekani. Halilii, lakini mwenyewe ataka Sh80,000 tu. Nataka nilitie mkahawani."

Pesa hizo nazijua. Ndizo alizoziweka kwa ajili ya paa la jiko la mamake, maana masika iliyopita mvua ilimnyeshea dadangu hali amesimama mbele ya sufuria.

Basi, ndugu msomaji, nimeona jambo hili nilitoe hadharani, kwani vijana wetu wengi siku hizi wameshikwa na mapenzi ya vitu vya zamani, na wauzaji wamekwisha kulitambua hilo. Neno "la kale" limekuwa kama ubani: likifukizwa, harufu ya uozo haisikiki tena.

Kwa wasiolijua, jukiboksi ni kabati la santuri la kutilia sarafu. La kwanza liliwekwa na Louis Glass katika baa moja ya San Francisco tarehe 23 Novemba 1889. Halikuwa na spika, bali mirija minne ya kutia masikioni. Aliyelipa alisikia, na asiyelipa alimtazama mwenziwe akitikisa kichwa. Yaliyosifika zaidi yalikuja baada ya Vita Vikuu vya Pili. Wurlitzer 1015 la mwaka 1946, lenye mirija ya rangi inayotoa mapovu, liliuzwa zaidi ya 56,000. Halafu Seeburg wa Chicago, mwaka 1948, wakatoa lao lililopanga santuri 50 wima mfano wa vitabu rafuni na kupiga pande zote mbili, yaani nyimbo 100. Hili la Shimanzi ni Seeburg M100C la mwaka 1952, la kupiga santuri ndogo za mwendo wa 45.

Wako watakaosema kwamba kitu kilichozaliwa baani hakina mahali katika mkahawa wa Muislamu. Sikuingia huko. Mimi nilikwenda kutazama mali.

Muuzaji alitupokea vizuri, akatuambia: "Wazee wangu, tatizo ni waya tu." Yakhe, kama ni waya tu, mbona hakuutia? Waya wauzwa bei gani Mwembe Tayari hata mtu mwenye mashine ya Sh80,000 ashindwe kuununua?

Watu wengi huuliza kama mashine inalia. Mimi naona hilo ndilo swali dogo kuliko yote. Kabati lililo kimya lakini limetimia viungo vyake ni bora kuliko linaloimba huku limepungua nusu. Valvu zilizokufa, kapasita zilizokauka, grisi iliyoganda kama gundi, haya yote fundi wa redio aliyesoma kazi yake zamani huyamaliza, na bado wako wachache. Lakini kioo kilichopotea, mapambo yaliyong'olewa, au mkono unaobeba sindano, hivyo utaviagiza ng'ambo kwa wanaokusanya mashine hizi, na gharama ya kuvisafirisha yaweza kupita bei ya kitu chenyewe.

Kwa hiyo nikataka lifunguliwe. Funguo hana. Tukamulika kwa tochi penye ufa wa nyuma, tukaona kiota cha panya na nyaya zilizotafunwa. Zaidi ya hapo giza. Sharia ya biashara yamtaka muuzaji aitaje aibu ya bidhaa yake, na aibu uliyoonyeshwa ukairidhia imekuwa yako. Sasa mtu aliyekuambia "bovu" bila kukuonyesha ubovu uko wapi, amekuonyesha nini? Mimi nasema hajakuonyesha kitu.

Hata hivyo tochi ilitufaa, kwani tulisoma kibati cha nyuma: volti 117, mizunguko 60. Mpwa wangu akasema, "Transfoma zipo, Mjomba." Zipo, naam. Transfoma itaishusha stima yetu ya volti 240, walakini haitaigeuza mizunguko yake, nayo ni 50. Mota ya aina hii hufuata mizunguko ya stima, kwa hiyo santuri ya 45 itazunguka 37 na nusu. Wimbo wa dakika 3 utakwenda dakika 3 na sekunde 36, na sauti ya Zuhura Swaleh itakuwa nzito kama ya mwanamume aliyeamshwa usingizini. Dawa ipo, nayo ni kubadilisha sehemu inayopeleka mwendo kutoka kwenye mota hadi kwenye santuri. Si waya tu.

Tukarudi nyumbani, nikamtolea sanduku la bati la marehemu baba yangu, yaani babu yake. Mna santuri za lebo ya Mzuri ya hapa hapa Mombasa, na chini yake zile pana za mwendo wa 78, za namna aliyokwenda kutia sauti Siti binti Saad huko Bombay mwaka 1928. Zile pana hazitaingia kabatini abadan. Za 45 nazo nyingi zina tundu dogo, na Seeburg yataka tundu kubwa. Nikamwuliza, "Utazitoboa santuri za babu yako ili zitoshe kabati la Mmarekani?" Alikaa kimya muda mrefu, akizigeuza moja moja.

Kama shabaha ni kuzisikiliza santuri hizi, mashine ya kawaida yenye miendo mitatu itazipiga zote bila kuzijeruhi, na haitafika bei hiyo. Kama shabaha ni kuwavuta wateja kwa taa na mapambo, hilo naliona lina maana, maana kabati ni zuri, sitamficha mtu. Lakini mapambo hulipiwa bei ya mapambo. Nilimwambia asipite Sh30,000, na asitoe hata senti kabla nyuma hapajafunguliwa.

Muuzaji alipolisikia hilo alicheka, kisha akatupa mpaka Jumamosi. Mabati ya dada yamekwisha nunuliwa, yamelazwa ukumbini. Zimebaki Sh32,000, na leo asubuhi mpwa wangu ameonekana Majengo akimtafuta fundi wa funguo.