Tuwatoe Wenzetu Kwenye Kausha Damu

Wakristo wenzangu wa Tanzania, nanyi majirani wa dini nyingine tunaoishi nanyi mtaa mmoja, nawaandikia kuhusu marejesho ya mikopo.

Mama lishe anayajua. Fundi cherehani anayajua. Mwalimu aliyeacha kadi yake ya benki pamoja na namba ya siri kwa mkopeshaji anayajua kuliko wote. Mikopo hii mtaani tunaiita kausha damu, na aliyeipa jina hilo hakukosea. Tuseme mama anachukua shilingi 100,000. Inakatwa 10,000 ya fomu, anaondoka na 90,000. Anatakiwa kurejesha 5,000 kwa siku 26, jumla 130,000. Mvua ikinyesha siku mbili wateja hawaji, rejesho linalala, faini inaanza kuhesabiwa. Anakwenda kukopa kwa mwingine ili amlipe wa kwanza. Baada ya miezi michache vijana wanakuja na kirikuu, wanabeba tivii, godoro na jiko la gesi, na sisi majirani tunachungulia nyuma ya pazia.

Wengi wanaobebewa godoro tunasali nao. Na tuseme kweli, baadhi ya wanaowatuma hao vijana tunasali nao pia, tena wanakaa viti vya mbele na kuahidi vizuri kwenye harambee. Ndiyo maana siamini kwamba jambo hili ni la Benki Kuu peke yake.

Yesu alikulia katika nchi ya wadeni. Mkulima wa Galilaya alidaiwa na watawala, akadaiwa na Hekalu, na msimu mmoja mbaya ulitosha kumtoa kwenye shamba la baba yake na kumfanya kibarua. Ukisoma mifano ya Yesu unawakuta watu hao: wadeni, mawakili wa matajiri, vibarua waliosimama sokoni tangu asubuhi wakingoja wa kuwaajiri. Mwaka 66, miongo michache baada ya kusulubiwa kwake, Wayahudi walipowaasi Warumi, waasi wa Yerusalemu walichoma moto jengo la kumbukumbu lililohifadhi hati za madeni. Mwanahistoria Josephus ndiye anayetusimulia hayo. Basi Yesu alipotaja deni, msikilizaji wake alikumbuka hati yenye jina lake mwenyewe.

Tufungue Mathayo 18. Mtumishi anadaiwa na mfalme talanta 10,000. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Piga hesabu: ni ujira wa siku milioni 60, deni ambalo hakuna binadamu angelimaliza. Anasamehewa lote. Anatoka nje, anamkuta mtumishi mwenzake ambaye yeye anamdai dinari 100, mshahara wa miezi mitatu na ushee, anamkaba koo na kumtupa gerezani. Mahubiri mengi niliyoyasikia juu ya sura hii huishia kwenye kusameheana maneno makali kati ya mume na mke, au kati ya wanakwaya. Ni sawa, lakini kuna watu katika kisa hiki tunaowaruka kila mara. Ni wale watumishi wengine. Waliona mwenzao anakabwa, wakasikitika sana, wakaenda pamoja kwa mfalme wakamweleza yote. Wao hawakuchungulia nyuma ya pazia. Bila wao mfalme asingejua lolote, na yule wa dinari 100 angebaki bila mtetezi.

Nafasi hiyo ndiyo yetu. Wito wangu wote ni huo: tuwe wale watumishi wengine.

Sheria ya Musa, ambayo Yesu alifundishwa tangu utoto, haikuruhusu vazi la maskini kulala kwa mkopeshaji; lilitakiwa kurudi kabla jua halijazama, kwa kuwa ndilo blanketi lake. Ikakataza pia kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa sababu kulichukua ni kuchukua uhai wa mtu. Jiko la mama lishe ni jiwe la kusagia. Cherehani ni jiwe la kusagia, na pikipiki ya bodaboda pia. Anayekuja kuvibeba ananyang'anya kile ambacho kingemlipa, na bado mdeni anaendelea kudaiwa.

Najua jibu litakalotolewa, na si jibu la kupuuzwa: mkizuia wakopeshaji, maskini atakopa wapi? Swali hili ni la zamani. Sheria ya Musa iliagiza madeni yafutwe kila mwaka wa saba, na matokeo yake matajiri wakawa wanakataa kukopesha mwaka huo ukikaribia. Mapokeo ya Kiyahudi yanasema mwalimu Hillel, aliyeishi muda mfupi kabla ya Yesu, alibuni hati ya kukabidhi deni kwa mahakama ili lisifutike, lengo likiwa maskini aendelee kupata mkopo. Aliona tatizo la kweli. Lakini hati ile ilibaki na upande mmoja tu, wa kumlinda anayekopesha. Yesu alielekea kwingine: kopesheni, alisema, bila kutazamia malipo. Hakusema tusikopeshane. Kwa hiyo kulaani kausha damu kutoka mimbarani, halafu tukamwacha mama na ada ya mtoto inayodaiwa Jumatatu, ni kazi nusu.

Wenye mashaka kwamba raia wa kawaida wanaweza kugusa madeni wakumbuke kampeni ya Jubilee 2000, iliyochota jina na hoja yake kwenye mwaka wa yubile wa Mambo ya Walawi. Mei 1998 watu kama 70,000 walishikana mikono kuzunguka katikati ya mji wa Birmingham, Uingereza, viongozi wa mataifa tajiri walipokuwa wakikutana humo. Wengi wao walikuwa waumini wa kawaida wa makanisa. Mwaka 2001 Tanzania ilikamilisha masharti ya mpango wa kusamehewa sehemu ya madeni yake, na mwaka huohuo ada ya shule za msingi ikaondolewa. Taifa letu limeonja msamaha wa deni. Sisi ndio tuliosamehewa talanta.

Sasa tufanye nini? Nianze na jumuiya ndogo ndogo, kwa kuwa huko watu wanajuana kwa majina na kwa shida. Kila jumuiya ichague watu wawili wanaotunza siri, wapite kwa utaratibu, waulize nani amenaswa na kwa kiasi gani. Mwenye deni huwa na aibu kuliko mgonjwa, kwa hiyo wasiulize hadharani. Wakishajua, waende wanne au watano pamoja na mdeni kwa mkopeshaji, wadai kuona mkataba na leseni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni, na Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa taasisi hizi ndogo zisizopokea amana. Kwa ukomo huo, laki moja ya mwezi mmoja inazaa 3,500, si 30,000. Mtu mmoja akilisema hilo anafukuzwa. Watano wakilisema wanapewa viti.

Parokia na sharika nazo zitenge sadaka ya Jumapili moja, napendekeza ya Kwaresima, kulipa mtaji uliobaki wa wadeni walio hoi na kuanzisha mfuko wa kukopeshana bila riba. Hatuna haja ya kubuni chombo kipya; vikundi vya kijamii kama VICOBA vimo katika sheria hiyohiyo. Ila tuvitazame vizuri. Vipo vikundi, tena vya akina mama wa kanisa, vinavyotoza riba ya kumtoa mwenzao machozi halafu mwisho wa mwaka vinagawana faida kwa pilau na vitenge.

Ndugu mnaokopesha, sikuwaandikia ili niwatukane. Zakayo, yule mtoza ushuru, alikuwa tajiri kwa njia inayofanana na yenu, na Yesu alikwenda kukaa nyumbani kwake. Lakini Zakayo alisimama na hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Anzeni na kidogo kuliko hapo. Rudisheni majiko na cherehani zilizorundikana stoo, na kadi za benki za walimu.

Waajiri, mikopo mingi huanzia kwenu. Dada wa kazi anayelipwa tarehe 15 mshahara wa mwezi uliopita atakopa tu. Mwenye shamba la mizabibu katika mfano wa Yesu aliwalipa vibarua jioni ileile.

Wenyeviti wa mitaa, msigonge muhuri kwenye mkataba wa mkopeshaji asiye na leseni. Nasi raia twende kwenye mikutano ya mtaa tuulize fedha za halmashauri zimefika kwa nani: asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, mikopo isiyo na riba, iliyosimamishwa 2023 na kurejeshwa 2024. Ndugu zetu Waislamu, ambao dini yao imekataza riba waziwazi, tukae nao meza moja katika hili. Simuni pia hakuna usalama. Novemba 2024 Benki Kuu ilipiga marufuku programu 69 za kukopesha zisizo na kibali. Ukiona jirani anatumiwa ujumbe wa kudhalilishwa kwa deni, msaidie kupeleka malalamiko, usiusambaze.

Jumuiya nyingi zinakutana wiki hii. Baada ya kusoma Neno, kabla ya matangazo ya michango ya harusi, mwenyekiti aombe majina ya wawili watakaopita nyumba kwa nyumba, na wapite kabla ya siku ya rejesho linalofuata.